Jinsi ya Kujenga na Kuongoza Bendi ya Roki Nzito Ukiwa Kisumu

Anayetaka kuishi kwa roki nzito katika mji ambao Ijumaa usiku watu huenda kusikiliza benga, rumba na ohangla, anapaswa kukubali jambo moja kabla hajanunua hata nyuzi za gitaa: wachezaji atakaowapata watakuwa na bendi nyingine. Mpiga ngoma mzuri wa Kisumu, kama mwenzake wa Nakuru au Kakamega, mara nyingi amekomaa kanisani, na Jumapili asubuhi yuko huko. Mpiga besi hupiga rumba hotelini mwishoni mwa wiki. Mpiga kibodi ni mwalimu. Kiongozi anayedai wachezaji wawe wake peke yake, ilhali hana mshahara wa kuwalipa kila mwezi, atabaki na gitaa lake na hasira zake. Anayefanikiwa ni yule anayejua tangu mwanzo kwamba watu wake amewaazima, akapanga ratiba, fedha na umiliki wa nyimbo kwa msingi huo.

Hali hii haitokani na udogo wa mji. Slash, mpiga gitaa aliyejulikana kupitia Guns N' Roses, katika albamu yake ya mwaka 2010 aliwaalika waimbaji wengi tofauti, wakiwemo Ozzy Osbourne, Chris Cornell na Lemmy. Myles Kennedy, aliyeendelea naye katika ziara na albamu zilizofuata, alikuwa tayari mwimbaji wa Alter Bridge, wala hakuiacha bendi hiyo. Mpango wa namna hiyo hauwezekani pasipo kalenda.

Basi anza na kalenda. Katika juma la kwanza la kila mwezi, mwombe kila mchezaji akutumie siku ambazo hapatikani, nawe uzipange siku za mazoezi katika nafasi zilizobaki. Katika miji yetu Jumanne na Jumatano jioni ndizo huwa wazi zaidi. Ikiwa mpiga ngoma wako anahudumu kanisani, nenda umsalimu mchungaji au kiongozi wa kwaya, umweleze unachofanya na saa zake. Ziara hiyo fupi huzuia manung'uniko mengi, na si ajabu ikakufungulia njia ya kukodi ngoma za kanisa siku ambazo hazitumiki. Kila nafasi iwe na mtu wa akiba anayezijua nyimbo, na kila wimbo uwe na karatasi moja inayoonyesha mpangilio wake, kasi yake, na mahali gitaa linaponyamaza, ili mgeni aweze kujifunza nyumbani kwa kutumia karatasi hiyo na rekodi ya simu.

Mahali pa mazoezi ni tatizo linalostahili kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu roki nzito haifichiki nyuma ya pazia. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinatenganisha viwango vya mchana na vya usiku, na katika makazi ya watu viwango vya usiku ni vya chini sana. Chumba cha nyuma katika mtaa kama Migosi au Milimani kitakuletea askari kabla hujamaliza wimbo wa tatu. Tafuta ukumbi ulio kando ya barabara ya maduka au karakana, ufanye mazoezi kabla jua halijazama, na uhifadhi masikio ya watu wako: kwa kipimo kinachotumika sana katika afya kazini, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, lakini ikifika desibeli 100 muda salama hupungua hadi dakika 15. Ngoma na amplifaya mbili katika chumba kidogo hufika hapo bila jitihada. Vizibo vya masikio ni bei nafuu kuliko mlo wa samaki pale Dunga.

Kuhusu muziki wenyewe, kiongozi si lazima awe mpiga solo, na kwa maoni yangu ni afadhali asiwe. Malcolm Young, aliyeanzisha AC/DC na mdogo wake Angus mjini Sydney mwaka 1973, aliongoza bendi hiyo kwa gitaa la rithimu, akisimama nyuma karibu na ngoma huku mdogo wake akitazamwa na umati. Anayepiga rithimu husikia wimbo mzima. Anajua ngoma inapokimbia na mwimbaji anapochoka. Mpiga solo akiongoza, kila wimbo hurefuka kwa dakika mbili zisizoombwa na mtu. Kazi yako ya kwanza katika mazoezi ni kupunguza. Gitaa lenye mkwaruzo mzito hutoa sauti safi zaidi likipiga noti mbili tu kwa pamoja, ya msingi na ya tano yake. Ukiongeza nyingine, sauti hugeuka mngurumo unaomfunika mpiga besi. Mwimbaji akishindwa kufika juu, shusha nyuzi zote nusu toni badala ya kumlazimisha apige kelele, kwa kuwa koo haliuzwi dukani.

Mahali tulipo pana utajiri ambao bendi za kwingine hazina. Ukimwalika mpiga nyatiti, elewa kwanza chombo chake: kina nyuzi nane, na mpigaji hugonga kiunzi chake kwa pete ya chuma iliyovaliwa kwenye kidole gumba cha mguu, kwa hiyo amekuja na mdundo wake tayari. Magitaa yafuate ulinganifu wa nyatiti, wala isiwe kinyume, na mpiga ngoma asikilize ile pete kabla hajaamua atakachopiga. Chombo hicho ni cha sauti ndogo, na maikrofoni iliyowekwa mbele yake karibu na amplifaya zinazonguruma italia filimbi. Njia nzuri ni kutenga sehemu ya wimbo ambamo magitaa yananyamaza kabisa, kisha yakarudi yote kwa pamoja. Mpiga gitaa wa benga naye aachwe na sauti yake isiyo na mkwaruzo, apige noti mojamoja juu ya rithimu yenu. Ukimtaka apige kama wewe, hapakuwa na haja ya kumwalika.

Umiliki wa nyimbo ndipo bendi nyingi huvunjikia. Enzi za bendi za zamani, mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na wanamuziki wa benga walihama kutoka kundi hadi kundi kila malipo yalipozua mgogoro. Nchini Uingereza nako, mwaka 1975 wimbo wa mpiga ngoma wa Queen uliwekwa upande wa pili wa santuri iliyouzwa sana, ukaingiza mirabaha sawa na ule uliokuwa mbele, na jambo hilo likaacha kinyongo cha muda mrefu ndani ya kundi. Katika albamu yao ya mwaka 1989 waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la kundi zima. Wewe unaweza kuchagua njia hiyo, au ukagawa kwa asilimia kulingana na mchango, lakini mgawo uandikwe siku ambayo wimbo umekamilika, kila mmoja atie sahihi, na karatasi ipigwe picha na kutumwa kwa wote.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya wimbo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mnachogawana hapo kitawafikia hata watoto wenu. Sajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili mpate ushahidi wa umiliki. Tofautisha pia utunzi na rekodi: mpiga ngoma wa akiba aliyekuja studio siku moja anaweza kulipwa ujira wake kwa makubaliano ya maandishi bila kuwa mtunzi, ila mgeni wa nyatiti aliyeleta melodi ni mtunzi, na asipewe nauli tu.

Fedha za shoo ziwe na utaratibu usiobadilika kwa kumpendelea mtu. Sajili jina la bendi kama jina la biashara kupitia eCitizen, fungua akaunti, na malipo ya mwandalizi yaingie huko, si katika simu yako. Ondoa kwanza gharama: kukodi spika na fundi wake, usafiri wa vyombo, chakula. Mkisafiri kwenda Nakuru kupitia Kericho, matatu iliyokodiwa kwa siku nzima huwa na maana kuliko kubebana na ngoma katika magari ya abiria, na sharti mwandalizi alipe nusu kabla hamjaondoka. Toa fungu dogo la mfuko wa bendi, kisha gawa kilichobaki usiku huohuo, hata kama ni kidogo kiasi cha kuchekesha, huku kila mtu akiona hesabu.

Mwisho kuna kuondoka, na kutatokea. Mkubaliane mapema kwamba anayetoka anabaki na asilimia zake katika nyimbo alizotunga, anarudisha vyombo vilivyonunuliwa na mfuko, hana haki ya kutumia jina la bendi, na anatoa notisi ya mwezi mmoja ili mtu wa akiba ajiandae. Mpe rekodi zake zote, umwache katika orodha ya kalenda, kwa sababu mpiga besi aliyehamia hoteli ya Eldoret ndiye huenda ukamhitaji Desemba, wa sasa atakapokuwa amekwenda nyumbani.