Jinsi ya kufuatilia sikukuu ya taifa ilianzia wapi

Ukitaka kujua sikukuu ya taifa ya nchi fulani ilitokea wapi usianze na hotuba za siku yenyewe, hizo huwa zimeshapigwa pasi. We tafuta vitu viwili, siku tukio lilipotokea na siku serikali ilipoamua hilo ndo liadhimishwe, maana kati ya hapo inaweza kupita miaka kibao na stori yenyewe iko humo humo.

Mfano Ufaransa. Kila mtu atakwambia 14 Julai ni kuvamiwa kwa gereza la Bastille 1789, sawa, ila sheria ya kuifanya sikukuu ya taifa ilikuja 1880, miaka 91 baadae, na kuna wabunge waligoma kusherehekea siku ya umwagaji damu. Wakakumbushwa kuna 14 Julai nyingine, ya 1790, sherehe ya umoja pale Paris ambayo mfalme mwenyewe alikuwepo akala kiapo. Na sheria haikutaja mwaka! Yani kila upande ulibaki na 14 Julai yake. Ndo maana nasema isome sheria yenyewe, usiishie kwenye muhtasari wa mtu.

Kingine, nchi ilikuwa inaitwaje siku hiyo? Hapa ndo kila Desemba watu wanararuana mitandaoni. Iliyopata uhuru 9 Desemba 1961 ni Tanganyika, Tanzania ilikuwa bado haipo, muungano na Zanzibar ni 26 Aprili 1964, na Zanzibar wana Mapinduzi yao ya 12 Januari mwaka huo huo. Halafu 9 Desemba ikatumika tena 1962, Tanganyika ikawa jamhuri na Nyerere akawa rais. Kenya nao hivyo hivyo, uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964, kwa hiyo ukikuta tarehe moja ina miaka miwili usikimbilie kusema kuna aliyekosea.

Cheki pia kama jina lilibadilishwa. 20 Oktoba kule Kenya ilikuwa Kenyatta Dei, kumbukumbu ya Oktoba 1952 wakoloni walipotangaza hali ya hatari wakawakamata kina Kenyatta, katiba ya 2010 ikaifanya Mashujaa Dei ili iwe ya wote waliopigania nchi.

Na sio kila sikukuu ni ya uhuru jamani. Ureno wanaadhimisha 10 Juni, siku aliyofariki mshairi wao Camões mwaka 1580. Australia ni 26 Januari, Waingereza walipotua Sydney 1788 kuanzisha koloni, na wazawa wengi wa pale wanaiita siku ya uvamizi. Ukikutana na siku ya hivyo tafuta na upande wa pili walisema nini na lini, maana wazawa hao walishaitangaza kuwa siku ya maombolezo tangu 1938, sio mambo ya juzi.