Kibali cha kukarabati nyumba Mtwara: omba kabla ya minada ya korosho

Mtwara wengi hukarabati nyumba korosho zikishauzwa. Minada inaanza Oktoba, hela ikishika mfuko mvua nazo ndio hizo, fundi anaanza kubomoa na kibali hakijaombwa. Ukija kuwekewa X nyekundu ukutani, alama ya kusimamisha ujenzi, saruji inagandia kwenye mifuko. Peleka ombi Julai au Agosti, hela ikiwa bado iko mtini.

Kupaka rangi, kurudia plasta au kubadili vigae, mara nyingi hakuna wa kukuuliza. Kuongeza chumba, kuvunja ukuta unaobeba paa, kupandisha ghorofa au kujenga uzio, hapo unahitaji kibali cha ujenzi. Anayetaka kugeuza baraza kuwa fremu ya duka ana ombi jingine la kubadili matumizi ya kiwanja, na hilo ndilo la kutangulia.

Wenye nyumba za zamani za matumbawe na chokaa kule Mikindani, waulizeni kwanza watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na fundi wa tofali za saruji hatakwambia hilo.

Makaratasi ni haya: barua ya mtendaji wa mtaa, kitambulisho cha Taifa, nakala ya hati au barua ya toleo, na risiti ya kodi ya pango la ardhi. Kiwanja kikiwa bado kina jina la marehemu baba, maliza mirathi kwanza. Kuna familia zinakwama hapo tu, michoro ikiwa tayari na imelipiwa.

Michoro ndiyo inayorudisha maombi mengi. Usikubali ramani iliyonakiliwa kutoka nyumba ya jirani. Mchoraji aje apime, aoneshe ukuta upi upo, upi unavunjwa na upi ni mpya, kisha michoro ipigwe muhuri wa msanifu aliyesajiliwa. Ghorofa inataka na michoro ya mhandisi. Kabla hajaja, chukua jembe ufukue bikoni zote, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Mchanga wa Shangani huzifunika kabisa, na chumba kikigusa mpaka wa jirani hakuna muhuri utakaokuokoa. Choo na karo navyo vichorwe, maana bwana afya ataangalia vilivyo mbali kiasi gani na kisima.

Ombi linaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Kama mtandao unakusumbua, nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani wakuelekeze. Lipa kwa kontrol namba tu. Anayekwambia "nipe mkononi nikusukumie" anakula hela yako, na risiti hutaiona. Faili litapita kwa watu wa mipango miji, ardhi, uhandisi na afya, na wataalamu watakuja kiwanjani. Uwepo mwenyewe siku hiyo, usimwachie kijana wa kufyatua tofali awajibie.

Kibali kikitoka, nakala yake na michoro vikae saiti. Mwite mkaguzi mitaro ya msingi ikiwa wazi, kabla ya kumwaga zege, kisha nondo za linta zikishafungwa. Akikukuta umeshafunika, anaweza kukuambia ufukue. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukipewa bure, chumvi inakula nondo. Ukibadili mawazo katikati, dirisha likageuka mlango, rudisha mchoro uidhinishwe upya.

Kazi ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho kabla mpangaji hajahamia. Ukimfungia mita yake ya umeme, kumbuka kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Jengo moja likiwa na mita mbili, omba mapema makato yabaki kwenye mita moja.