Kuku wako wako kilo ngapi? Piga wastani vizuri

Mnunuzi wa broila akipiga simu, awe wa hoteli tao ama wa soko la Burma hapa Nairobi, kitu ya kwanza anauliza ni kilo. Sasa kama uko na kuku 300 huko Ruai ama Kamulu huwezi pima wote, watasumbuka bure, kwa hivyo pima wachache.

Lakini hao wachache wasiwe wale rahisi kushika. Kuku mzito hana mbio, ndiye unadaka kwanza, ukipima hao pekee hesabu inapanda na si ukweli. Ingia asubuhi kabla ya kulisha, zungushia kikundi na mbao kwa kona moja, kingine katikati ya banda, halafu pima kila aliye ndani hata yule kadogo kamebaki nyuma.

Tuseme umepima kuku 10, mmoja mmoja ndani ya ndoo, mizani ikasoma gramu 1,250, 1,400, 1,180, 1,320, 1,300, 1,450, 1,210, 1,360, 1,280 na 1,350. Jumla ni 13,100, gawa kwa 10 upate 1,310. Kama huna kalkuleta, toa 1,000 kwa kila moja, piga wastani wa hizo ndogo zimebaki, utapata 310, kisha rudisha ile 1,000, jibu ni lile lile.

Sasa ndoo, na hapa ndipo watu wengi wanaumia. Ndoo ni gramu 300 na iko ndani ya kila kipimo, so toa 300 kwa wastani: 1,310 inakuwa 1,010. Ukiitoa mara moja tu kwa ile jumla, utapata 1,280, yaani umeongezea kila kuku gramu 270 hana, na kwa kuku 300 hizo ni kilo 81 za hewa umeahidi mtu, na siku ya kupakia atapima mwenyewe.

Kubadilisha gramu kuwa kilo usirudie zile 10 zote, gawa wastani kwa 1,000 basi, ni kilo 1.01, banda lote karibu kilo 303. Mnunuzi akitaka wamechinjwa, na kuku wako wakichinjwa hubaki kama asilimia 70 ya uzito, zidisha wastani kwa 0.7: gramu 707. Ila ndoo itoke kwanza kabla ya kuzidisha, la sivyo umechinja na ndoo pia.