Kuvu kwenye rafu: ukaguzi wa maktaba ndogo kabla ya masika

Huku Tanga adui mkubwa wa kitabu ni unyevu wa bahari. Mimi hukagua mwezi wa pili, kaskazi ikiwa bado inavuma, maana masika ikishaanza Machi hupati tena pa kuanika.

Hatua ya 1. Toa vitabu rafu moja moja, ukianza na ya chini kabisa, kwenye kona iliyo mbali na dirisha. Jalada lisikudanganye. Fungua kitabu katikati, ukinuse. Harufu ya kabati lililofungwa siku nyingi hutangulia madoa. Pitisha kidole kwenye mgongo kwa ndani. Ukihisi unga laini wa kijivu au kijani, hiyo ni kuvu. Ukiona njia nyembamba za udongo zikipanda ukutani, hao ni mchwa: acha mengine yote, washughulikie leo leo.

Hatua ya 2. Kitabu chenye kuvu kitoe nje, kivulini penye upepo. Vaa barakoa. Kisimamishe, kurasa zikiwa zimeachana. Usikianike juani, jalada litapinda na wino utapauka. Kikauke kabisa ndipo ukipanguse kwa brashi laini, vumbi likielekea mbali nawe. Kikipanguswa kingali kinyevu, kuvu hupakaa na kuzama kwenye karatasi. Niliharibu hivyo kamusi pekee tuliyokuwa nayo, na hadi leo inaniuma.

Hatua ya 3. Futa rafu kwa kitambaa kikavu, kisha iache sentimita 5 hivi kutoka ukutani. Vitabu visibanane.

Hatua ya 4. Karatasi iliyochomoka ibandike kwa gundi nyeupe, kidogo tu. Uji wa ngano nao hushika, ila huku kwetu huita mende. Selotepu usiiguse: hugeuka njano na kunata kurasa jirani.

Hatua ya 5. Sasa amua kipi kiondoke. Tazama karatasi ya tarehe: kama miaka 5 hakuna aliyekiazima, na ni kitabu cha mtaala uliokwisha, kiondoe. Gonga mhuri wa KIMEONDOLEWA, kisha kwenye daftari la mapokezi, lile linaloorodhesha kila kitabu kilichoingia maktabani, andika tarehe na sababu. Usifute mstari wake. Lakini chochote kinachohusu Tanga, pamoja na vitabu vya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, kitengeneze hata kama kimechakaa. Mtoto wa hapa atakitafuta wapi kwingine?

Nafasi zilizobaki usizijaze siku hiyo. Ziache hewa ipite mpaka masika iishe.