Somo: Kutambua magonjwa ya masikio, pua na koo kwa watoto

Wazazi na walezi, leo nitakaa zaidi kwenye sikio, maana ndipo watoto wengi wanapoachwa wateseke. Mtoto anatoka usaha miezi na miezi, tunaambiana "ataacha akikua". Kumbe ngoma ya sikio ina tundu, usikivu unapungua, na shuleni anaitwa mzembe.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Usaha usiotimiza siku 14, hasa baada ya mafua, homa na kulia usiku, ni maambukizi mapya ya sikio la kati. Ngoma ikipasuka, usaha unamwagika, maumivu yanapoa na mtoto analala. Hapo wengi hudhani amepona. Ukifika siku 14 au zaidi, huo ni usaha sugu, na mara nyingi hauumi wala hauleti homa. Usaha wa aina zote mbili unahitaji kituo cha afya.

Hatua ya 2: Gusa nyuma ya sikio. Pakiwa pamevimba na panauma, au sikio limesukumwa mbele, usingoje kesho. Maambukizi yameingia kwenye mfupa, na ubongo uko karibu. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa au mdomo ukienda upande.

Hatua ya 3: Kausha. Viringisha kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Matone uliyoandikiwa yawekwe baada ya kukausha, kwani juu ya usaha hayafiki panapotakiwa. Usiazime matone ya jirani: mengine yanaweza kudhuru usikivu ngoma ikiwa na tundu. Mafuta ya taa, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, vyote hapana.

Hatua ya 4: Pua. Makamasi ya matundu yote mawili kwa kawaida ni mafua au mzio. Yakitoka tundu moja tu, tena yananuka, shuku kwanza kwamba mtoto kajichomeka kitu: harage, shanga, kipande cha sponji la godoro. Kama ni betri ndogo ya duara, kimbia, maana huunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu.

Hatua ya 5: Koo. Mafindofindo mekundu yenye madoa meupe, homa, tezi za shingoni zinauma na hakuna kikohozi: huenda ni bakteria. Apimwe, na akipewa dawa amalize dozi, kwa sababu koo la namna hii likiachwa linaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo. Mtoto anayetokwa na udenda, hawezi kumeza na anakoroma akivuta pumzi, usimchungulie kooni. Mpeleke hospitali akiwa amekaa.

Maswali ya wanachama

*Dokta, mwanangu anakohoa wiki ya tatu sasa. Bibi yake anasema kimeo kimerefuka, kikatwe.*

Usikubali, mama. Kila mtu ana kimeo, na kukikata hakutibu kikohozi. Nimeona watoto wakiletwa wamelegea kwa kuvuja damu, na wembe wa kuchangia huambukiza. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji uchunguzi, kifua kikuu kikiwemo. Nenda na bibi kituoni asikie mwenyewe. Akielewa yeye, nyumba nzima imeelewa.

*Damu ya pua ikimtoka nimlaze chali?*

Hapana, ataimeza au itampalia. Akae, ainame mbele, apumue kwa mdomo. Bana sehemu laini ya pua dakika 10 mfululizo bila kuachia. Ikiendelea kutoka, rudia mara moja, isipokoma, hospitali.

*Na mdudu akiingia sikioni?*

Kama sikio halijawahi kutoa usaha, dondosha mafuta ya kula ya uvuguvugu ili mdudu afe, kisha nenda akatolewe. Usimfukue kwa njiti, utamsukuma kwenye ngoma.