Dalali wa Mtwara hana leseni uliyoizoea huko

Ndugu yangu uliyeko Houston, huko wakala wa nyumba huwa amesomea kazi yake. Jimbo la Texas linamtaka amalize saa 180 za darasa, afaulu mtihani na achukuliwe alama za vidole kabla hajapewa leseni, nawe unaweza kulitafuta jina lake mtandaoni. Aliyeko London hali yake ni tofauti: Uingereza haimlazimishi wakala kufanya mtihani, ila lazima ajiunge na chombo cha kusikiliza malalamiko ya wateja.

Ukitaka kununua ardhi nyumbani Mtwara, kusini mwa Tanzania, dalali wa viwanja hadaiwi cheti cha elimu ya ardhi. Tanzania haina sheria mahsusi ya kumsajili wakala wa nyumba na viwanja. Akikuonyesha leseni ya biashara, hiyo haisemi lolote kuhusu elimu yake ya ardhi. Akisema ni dalali wa mahakama au wa mnada, hiyo ni kazi nyingine yenye sheria zake. Simdharau hata kidogo. Anajua nani anauza kiwanja mtaa wa Mangamba na nani ana haraka ya pesa, na kwa hilo anastahili ujira wake, mradi mwandikiane mapema ni kiasi gani na ni nani atakayelipa. Kazi yake iishie hapo.

Wenye usajili wapo, ila ni wengine. Mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya ardhi na nyumba, husajiliwa na bodi kwa sheria ya mwaka 2016. Wakili unamhakiki mwenyewe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama kiwanja kina hati, huyo wakili akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, aone jina la mmiliki, mkopo wa benki na zuio kama lipo. Kama muuzaji ana mke au mume na hapo ndipo wanapoishi, taka ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda.

Kwenye mashamba ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Enzi zile za msisimko wa gesi asilia ya Mtwara, shemeji yangu akiwa Muscat alinunua ekari mbili za mikorosho nje ya mji kupitia dalali aliyemtumia picha. Muuzaji alikuwa akiokota korosho pale tangu ujana, na majirani walimjua. Tulipoanza kusafisha, akaja mjomba wake na wazee: shamba ni la ukoo wa mama, kijana aliachiwa kulitunza tu. Tukahangaika kwenye baraza la ardhi, na pesa haikurudi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, kwa desturi urithi umepita upande wa mama, kwa hiyo saini ya baba na wanawe inaweza isitoshe. Muulize muuzaji: mjomba wako anajua? Uliza pia kama mikorosho inauzwa pamoja na ardhi, maana wapo wanaouza kimoja na kubaki na kingine.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Muhuri wa mwenyekiti peke yake usikuridhishe. Omba nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Na kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, mwambie wakili kabla hajaandika mkataba, kwa sababu masharti ya umiliki kwa asiye raia ni mengine kabisa.

Anayekuwakilisha awe ndugu unayemwamini, kamwe asiwe dalali. Mwandikie hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho kimoja tu. Muulize wakili ishuhudiwe na nani huko uliko, na isajiliwe wapi ikifika. Pesa ipite benki, iingie akaunti yenye jina la muuzaji lile lile lililoko kwenye mkataba. Usiitume kwenye simu ya dalali, hata akisema mteja mwingine yuko njiani.

Usilipe yote kwa mkupuo. Siku ya makabidhiano ndugu yako azunguke mipaka pamoja na majirani wa pande zote, kila mmoja aonyeshe alama yake, asaini kama shahidi na aache namba ya simu. Jirani mmoja akikosekana, sehemu ya mwisho ya malipo isubiri mpaka apatikane.