Kubandika plasta ya kiuno kwenye joto la Tanga

Wengi ninaowahudumia kwa maumivu ya kiuno ni wabeba samaki wa soko la Deep Sea na akina mama wanaoinamia mafungu ya nyanya pale soko la Mgandini. Kiuno kikiuma zaidi ya miezi 3, mtu hujaribu chochote. Plasta ya kuvutika, aliyoibuni Mjapani Kenzo Kase miaka ya 1970, wameiona kwa wachezaji. Haitibu, na tafiti nyingi zimeona nafuu yake ni ndogo. Mimi huibandika ili mtu apate ahueni ya kutembea na kufanya mazoezi. Miguu ikiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo ukitoka wenyewe, au una homa na unakonda, achana nayo. Nenda hospitali leo hii.

Huku pwani kinachoharibu kazi ni ngozi. Tukishaoga tunajipaka mafuta ya nazi, na plasta haishiki juu ya mafuta. Oga kwa sabuni, jifute, kaa kwenye feni mpaka jasho likauke kabisa.

Tafuta wa kukubandika. Akate vipande 2 vya sentimita 20 hivi na kuviringisha pembe kwa mkasi, maana pembe kali hubanduka zikisuguliwa na nguo. Wewe inama, ushike meza. Aanzie kwenye mfupa bapa ulio juu ya makalio. Ncha hiyo isivutwe hata kidogo. Apande nayo kando ya uti wa mgongo, si juu yake, akiondoa karatasi polepole bila kuongeza mvuto, kwa kuwa imeshavutwa kidogo tangu kiwandani. Ncha ya juu ailaze tu. Upande wa pili vivyo hivyo, kisha asugue kwa kiganja: gundi yake hushika kwa joto. Ukinyooka utaona makunyanzi madogo, ndivyo inavyotakiwa. Wanaoivuta mpaka mwisho hutokwa malengelenge kwenye ncha, nami huumia nikiyaona, kwani yanaepukika.

Usioge kwa saa 1. Hukaa siku 3 hadi 5. Isibandikwe penye kidonda wala upele, na ikiwasha itoe siku hiyohiyo: ilowanishe kwa mafuta, kandamiza ngozi kwa kidole, ikunje kufuata vinyweleo vinakolalia.

Siku hizo tembea kila asubuhi. Jioni lala chali mkekani, kunja magoti, inua kiuno, hesabu hadi 5, shusha. Anza na mara 10.